Wino Juu ya Nukta

Mzimba,
12 Septemba 2016

Mpendwa Shangazi,

Napiga goti kukuamkia kutoka mbali. Sisi hapa ni wazima. Baba mguu umepungua kuvimba, sasa anafika zizini bila fimbo, ila wageni wakija huishika ili wamwonee huruma. Mke wa kaka Chawanangwa amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina lako, kwa hiyo sasa kuna Tryness wawili katika ukoo wa Msiska, na huyu mdogo ana sauti kama yako. Nakuandikia kwa mashine ile ile ya nukta nundu ya chumba chako. Kitufe chake cha mwisho kingali kinakwama. Sitaki kukutumia ujumbe wa simu, maana najua mkweo huusoma kwa sauti uani, na nusu ya Chilumba inapata habari kabla yako. Nukta hizi, sasa macho yamekuacha, utazisoma kwa vidole, peke yako.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni.

Nilipopangiwa kazi hapa nilifurahi kurithi chumba chako, kabati lako na watoto wasioona tisa. Sikujua kwamba nimemrithi na Mwalimu Nyirongo. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii: mtoto anakaa darasani na wenzake, anadunga majibu yake kwa nukta, mimi naandika kwa wino juu ya kila mstari yale ambayo vidole vyake vimesema, kisha mwalimu wa darasa anasahihisha. Mikono mitatu, karatasi moja. Ulikuwa ukisema hivyo. Basi mkono wa tatu haupo. Nyirongo hasahihishi hesabu za Mwiza Kumwenda, msichana wa darasa la nane. Kwenye daftari la alama, mbele ya jina lake, kuna vistari vitupu tangu alipoingia darasa la saba.

Ijumaa nilimfuata mezani kwake.

"Mwalimu, karatasi ya Mwiza."

"Naiona."

"Ina wiki nzima hapo."

"Na itatimiza ya pili. Wewe si ndiye mwalimu wake? Msahihishie."

"Mwalimu wa hesabu wa darasa la nane ni wewe."

"Hao ni watoto wako, Madamu. Mimi ninao wangu mia moja na kumi."

Walimu wengine wakacheka ndani ya vikombe vyao. Nikamuuliza ana tatizo gani na mtoto asiyeona. Akafunga kalamu yake nyekundu polepole, akaniambia, "Kamuulize shangazi yako."

Mwalimu Mkuu, Mama Chirambo, ameniambia wazi: bila alama tatu za hesabu zilizotiwa saini na Nyirongo, na wastani wa arobaini, kabla ya tarehe 31 Januari, Mwiza ataandikishwa kufanya mtihani wa mwisho bila hesabu. Na unajua, Shangazi, bila hesabu hakuna sekondari itakayolitazama jina lake mara mbili. Ana miaka kumi na mitano. Jana aliniuliza ukurasa mmoja unaingia nukta ngapi, nilipomwambia sijui akakaa akazihesabu.

Kwa hiyo nakuuliza kama nilivyotumwa. Ulimfanyia nini Nyirongo?

Wako mtiifu,
Sangwani


Chilumba,
9 Oktoba 2016

NyaMsiska mdogo, binti wa kaka yangu,

Nimeipokea barua yako. Mungu ambariki huyo Tryness mpya, na mwambie baba yako nimecheka habari za fimbo. Mwaka huu dagaa wetu wa usipa ni wengi, tunaanika mpaka juu ya paa la choo. Mkwe wangu ananipikia kondowole, ugali wetu wa muhogo, laini mno, kama wa mgonjwa. Nimemwambia mimi ni kipofu, meno ninayo.

Kusoma kwa vidole kunanitaabisha. Miaka ishirini na miwili nimezisoma nukta kwa macho, na kumbe nilikuwa sizijui. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima.

Bahati mbaya barua yako ilipondwa na mizigo kwenye basi. Ukurasa wa mwisho umelala kabisa, sikuambulia kitu. Nilichokipata ni kwamba hamwelewani na Mwalimu Nyirongo. Yule ni mtu wa heshima. Mpelekee togwa, muulize habari za kwaya yake. Kazi yetu ni ya kuomba, mwanangu. Sisi tunaomba kwa niaba ya watoto. Ukijifanya hakimu utafungiwa milango.

Nakuombea.

Shangazi yako,
Tryness Msiska


Mzimba,
17 Oktoba 2016

Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Baba anaendelea vizuri. Mtoto anaongezeka uzito.

Barua ile niliiandika kwenye karatasi nene za jalada, nikaziweka katikati ya maboksi mawili na kuyafunga kwa kamba ya mkonge. Kurasa tatu za kwanza zilifika salama, wa nne peke yake ukapondwa. Haya.

Togwa nilipeleka. Alikunywa, akasema ni tamu, akarudisha kibuyu na karatasi ya Mwiza juu yake, haijaguswa.

Nilimwomba tukae pamoja nusu saa tu kila Ijumaa, anipe maswali ya wiki inayofuata niyadunge mapema, Mwiza asiwe anaanza wakati wenzake wamemaliza. Akasema Ijumaa ana kwaya. Alhamisi? Ana mazoezi ya kwaya. "Kwani Jumatano mnafanya mazoezi ya mazoezi?" nikamuuliza. Hakucheka.

Jumanne niliingia darasani kwake nikakaa nyuma. Anasimama ubaoni na chaki, anasema, "Tukichukua hii, tukaijumlisha na ile, tunapata nini?" Mia moja na kumi wanajibu kwa pamoja. Mwiza akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii ni ipi, na ile ni ipi?"

Darasa likaangua kicheko. Nyirongo akasema, "Muulize Madamu, yupo hapo nyuma." Mwiza akashusha mkono akauweka chini ya paja lake, akaukalia, kana kwamba mkono ndio uliokosea.

Shangazi, nilisimama. Nilisema mbele ya wanafunzi wote, "Soma unachoandika, Mwalimu. Ni mdomo tu, unao." Najua sikupaswa. Tuliitwa ofisini wote wawili. Mama Chirambo alinigombeza mimi kwanza, kwa sauti, kisha akamgombeza yeye kwa upole, na mwisho wakakubaliana, mimi nikiwa nimesimama hapo kama mwanafunzi, kwamba Nyirongo atasahihisha jaribio moja la Mwiza, la Novemba, tuone.

"Moja," alisema. "Nikinusa kitu, basi."

Nikamuuliza atanusa nini. Akasema tena maneno yale yale. Kamuulize shangazi yako.

Nakuuliza mara ya pili. Umeniachia nini humu ndani? Nimelirudia swali hili chini ya ukurasa huu na juu ya ukurasa unaofuata, mmoja ukipondwa mwingine usome.

Sangwani


Chilumba,
20 Novemba 2016

Binti wa kaka yangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa na msiba. Mama Kayange wa umoja wetu wa akina mama kanisani amefariki, tulilala kwao wiki nzima. Nilipewa kazi ya kumenya vitunguu kwa sababu wanasema asiyeona halii. Nimelia kuliko wote.

Maswali yako nimeyasoma. Yamefika yote mawili.

Mimi nilikufundisha kazi, sikukufundisha kuchimbua watu. Chumba hicho nilikijenga kutoka kwenye stoo ya majembe. Watoto waliokuwa wanafungiwa majumbani wakakaa darasani wakaitwa majina yao. Hilo ndilo nililokuachia. Mengine yote niliyafanya kwa upendo, na sioni kwa nini upendo wangu uulizwe maswali na mtu aliyeanza kazi juzi.

Msalimie baba yako. Mwambie anitumie karanga.

T. Msiska


Mzimba,
28 Novemba 2016

Shangazi,

Karanga zimo kwenye kifurushi. Baba anakusalimu.

Jumamosi nilikuwa natafuta karatasi nene. Chini kabisa ya kabati lako, nyuma ya masanduku ya chaki, kuna bunda limefungwa kwa kitenge chako cha kijani. Nilifikiri ni vitambaa. Ni karatasi za majaribio za hesabu, za miaka na miaka. Nukta za watoto, na juu yake wino wako wa bluu, ule mwandiko wako niliouiga nikiwa shule mpaka nikapigwa kwa kuandika kama mtu mzima.

Nilianza kusoma kwa kukukumbuka. Nikakuona umeketi hapo.

Nukta zinasema 36. Wino unasema 63. Nukta zinasema 15, wino 19. Nukta hazisemi kitu, mtoto ameruka swali, wino unasema 240. Nilisoma karatasi sitini na mbili. Zilizo safi ni kumi na moja.

Nilikaa sakafuni. Kisha nikazibeba zile karatasi nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Nyirongo, mchana kweupe, mke wake akipepeta mahindi. Alipoona kile kitenge alimwambia mkewe aingie ndani.

Amenihadithia, Shangazi. Mwaka 2009. Mvulana wako, Fiskani. Kwenye daftari la Nyirongo ana 91, na Nyirongo alijivunia, akamsimamisha mbele ya mkaguzi kutoka makao makuu. Mkaguzi akamuuliza saba mara nane. Mtoto akaanza kuhesabu vidole. Mkaguzi akamuuliza sita mara tatu. Mtoto akaanza kulia. Mkaguzi akasema, "Mwalimu, hizi alama unazigawa kama peremende?" Ikaandikwa kwenye faili lake. Hakupandishwa cheo mpaka leo.

"Kwa nini hukumtaja shangazi?" nilimuuliza.

"Ningemtaja, wangefunga chumba. Wale watoto wangerudi kufungiwa majumbani."

"Na yeye alikwambia nini?"

"Nilikwenda kwake. Akanipa chai na mandazi. Akaniambia nina wivu kwa sababu watoto wake vipofu wanawashinda wangu wenye macho."

Kisha akasema kitu ambacho sijui nitakisahau lini. "Madamu, kalamu nyekundu haiwezi kwenda mahali ambapo macho yangu hayafiki. Niliapa."

Nimekuwa nikimchukia mtu huyu miezi mitatu. Nimemsema kwa walimu wote, nimemsema kanisani. Na wewe ulikuwa unasoma chuki yangu kwa vidole vyako, asubuhi nzima ukurasa mmoja, unaniambia nimpelekee togwa.

Fiskani alikwenda sekondari kwa alama zako. Alirudi baada ya muhula mmoja. Sasa anauza mkaa barabarani, nampita kila siku ya soko na ananijua kwa sauti, ananiita mtoto wa Madamu. Ulimpenda huyo?

Niandikie. Na usiniandikie habari za vitunguu.

Sangwani


Chilumba,
19 Desemba 2016

Sangwani,

Wazima tupo. Karanga zimefika.

Unataka, basi soma.

Watoto hao hatukuwa na mashine za kuwatosha. Walidunga kwa kibao na msumari, kutoka kulia kwenda kushoto, kila nukta ikitokea upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo kila tarakimu wanaiandika imegeuka. Mwenye kuchoka anasahau kuigeuza. Tano inakuwa tisa. Nne inakuwa sita. Huyo mtoto hakukosea hesabu, amekosea mkono tu. Je, nimwandikie kosa? Ya kwanza niliyorekebisha ilikuwa tano, ya msichana aliyetembea saa mbili asubuhi hiyo kwenye baridi ya Julai, vidole vimekufa ganzi. Nilijua anajua. Nikaandika tisa.

Kisha nikashika kalamu siku nyingine, na nyingine. Huwezi kujua, wewe, jinsi inavyokuwa. Baada ya miaka miwili sikuweza tena kutofautisha mkono uliochoka na mtoto asiyejua, na nilikuwa nimeacha kujaribu. Walimu walikuwa wanasema vipofu wanajaza nafasi bure darasani. Kila 80 niliyoandika ilikuwa kofi usoni mwao. Nililipenda lile kofi. Haya, nimesema.

Nyirongo alipokuja niliogopa, nikampa chai. Mtu akiogopa anasema maneno ya kiburi. Sikujua kwamba hakunitaja. Miaka saba nimeamini alinitaja na wakubwa wakaniachia kwa huruma. Hilo umeniambia wewe.

Ila na mimi nina swali. Ulisema Novemba atasahihisha jaribio moja la Mwiza, na wewe ndiye ungeweka wino. Barua yako ya Novemba ni ndefu, ina kabati langu, kitenge changu, Fiskani wangu na dhambi zangu. Jaribio la Mwiza halimo. Nimeipitisha vidole mara tatu kulitafuta.

Vipi, mwanangu?

Shangazi yako


Mzimba,
6 Januari 2017

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Baba anakohoa kidogo. Tryness mdogo ameota jino.

Moja. Nilirekebisha moja.

Swali la kumi na mbili. Jibu ni 95, amedunga 55. Nilikaa na kalamu juu ya karatasi mpaka wino ukadondoka ukafanya doa. Nilijisemea ni mkono, si akili. Nilijisemea Nyirongo anatafuta sababu na sitampa. Nikaandika 95. Ilikuwa tarehe 24 Novemba. Siku mbili baadaye nilifungua kitenge chako, na kila nilichokuandikia kwa hasira ile nilikiandika nikijua. Labda ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa hivyo. Sitaki kuifikiria sana.

Nyirongo alimpa 56. Alisoma matokeo mbele ya darasa, Mwiza akapiga makofi mwenyewe. Alikwenda kumwambia baba yake, na baba yake akamchinjia kuku.

Barua yako ilinifikia sikukuu. Tarehe tatu nilikwenda kwa Nyirongo nikamwambia. Alikuwa anapaka viatu rangi.

"Ngapi?"

"Moja."

"Hata shangazi yako alianza na moja."

Hakupaza sauti, na nilitamani apaze. Nikamwambia basi ajifunze nukta, tarakimu ni kumi tu, sifuri hadi tisa, mtoto wa darasa la kwanza anazimaliza kwa wiki, asahihishe kwa macho yake bila wino wa mtu. Akanitazama. "Miaka thelathini nimefundisha. Leo nirudi chekechea, nifundishwe na nani? Na Msiska?"

Kisha nikamwambia Mwiza, maana angejua tu. Nilifikiri atalia. Alisimama, akatafuta mlango kwa mkono, akageuka akasema, "Ile 55 ilikuwa yangu. Irudishe." Tangu hapo hanijibu salamu. Nikimshika mkono kumvusha ngazi anautoa.

Zimebaki wiki tatu na siku nne. Daftari lina vistari.

Wewe uliharibu jambo hili na mimi nimelimalizia. Andika kwa Nyirongo. Usimwandikie kupitia mdomo wangu, wala usinipe mimi maneno ya kumpelekea. Mwandikie yeye. Usipofanya hivyo usiniandikie tena, nitakuletea karanga msibani kwako.

Sangwani


Chilumba,
13 Januari 2017

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa basi la leo mkononi, nimemwambia akiiwekea mzigo juu nitamlaani.

Ndani kuna karatasi mbili za Mwalimu Nyirongo. Ya kwanza ni herufi zote na tarakimu kumi kwa nukta. Juu yake mjukuu wangu ameandika kila moja kwa wino, ndiyo funguo. Ya pili ni barua yangu kwake. Nukta tupu. Usiweke wino juu yake. Usimsomee. Usiisome.

Nimeiandika siku nne. Mara tatu nimekosea nikaanza upya. Vidole vyangu sasa vinafanya yale yale waliyofanya wao.

Atakataa. Mwachie mezani uondoke. Ninamjua, hatastahimili kulala nyumba moja na neno langu bila kujua nimesema nini, na hatamwamini mtu amsomee.

Tryness


Mzimba,
2 Februari 2017

Shangazi,

Nakuamkia. Baba amepona kikohozi, ameirudia fimbo yake ya maonyesho. Mke wa Chawanangwa anauliza nguo ambazo mtoto anamdai wajina wake ziko wapi.

Niliiacha mezani kwa Nyirongo kama ulivyosema. Siku ya kwanza aliifunika kwa gazeti. Siku ya pili gazeti lilikuwa pembeni. Siku ya tatu alikuja mlangoni kwetu wakati wa mapumziko, karatasi zako zote mbili mkononi, akasimama hapo kizingitini ambapo hajawahi kukanyaga tangu 2009.

"Hii ya kwanza nimeielewa," alisema. "Ya pili inakwama."

"Nikusomee?"

"Msiska anisomee barua ya Msiska? Hapana." Akaangaza chumbani. "Mwiza. Njoo hapa."

Walikaa benchi la dirishani. Mimi nilitumwa nje, chumba changu mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi nikawasikia.

"Mwalimu, unatumia macho. Unadanganya."

"Nitumie nini?"

"Hakuna, endelea tu. Hiyo ni nini?"

"Nne."

"Hebu nione. Siyo, ni sita. Umeigeuza."

"Nani kasema nimeigeuza?"

"Vidole vyangu." Kisha nikamsikia Mwiza akicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na hakuwa anacheka nami.

Nyirongo akaigeuza karatasi, niliisikia. "Kumbe inageuka," alisema.

Alikuja siku nane mfululizo, mapumziko yote. Kwaya ilimngoja. Mistari ya mwisho aliisoma bila Mwiza, alimwambia akacheze. Nilipoingia kuchukua chaki alikuwa ameimaliza, ameilaza karatasi yako juu ya goti, na alikuwa anaisugua kwa ukucha wa dole gumba, nukta baada ya nukta, mstari baada ya mstari, kama mtu anayepiga pasi kola ya shati.

"Mwalimu, hizo zikilala hazisomeki tena."

"Nimeshasoma."

Alisugua mpaka karatasi ikawa laini. Akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati. Kwa hiyo sijui ulimwambia nini, na hatajua mwingine. Sijui pia kama amekusamehe.

Alisema, "Lete karatasi za Mwiza. Zote tatu."

Ya Januari haikuwa na wino, na ya Septemba alilinganisha wino na nukta mpaka mwisho. Ile ya Novemba, yenye wino wangu na doa langu, aliifunika mistari yangu kwa rula, akawa anaishusha polepole, anasoma nukta tu na ile funguo yako pembeni. Ilimchukua vipindi viwili. Alipofika swali la kumi na mbili alinitazama, akatia alama ya kosa. Alikata alama nne. Nilisimama hapo nikamwangalia anazikata.

Tarehe 30 Januari aliingia ofisini kwa Mama Chirambo na daftari. Wastani umefika arobaini na mbili. Mwiza ameandikishwa, na hesabu imo. Atakapofanya mtihani Mei anaweza kuanguka. Sasa anajua kwamba anaweza.

Bado hanipi mkono kwenye ngazi. Namfuata nyuma hatua mbili, na ananisikia, na ananiacha nimfuate. Nyirongo naye tumekubaliana Jumatano, nusu saa. Jana alinipa maswali ya wiki ijayo bila kunitazama, na darasani anasoma kwa sauti anachoandika, kwa ukali, kana kwamba anamtukana mtu. Labda ananitukana mimi. Namwacha.

Bado nimekukasirikia, Shangazi. Sidhani itaisha kabla ya Pasaka, na Pasaka nakuja. Nitakuja na Fiskani, amesema anataka kukusikia. Utapika wewe, siyo mkweo.

Ukurasa wa mwisho nimeuandika kwenye karatasi nene kuliko zote nilizonazo, usiniambie umepondwa. Una alama tatu za Mwiza, na juu yake hakuna wino.

27.

52.

47.

Sangwani